Unauliza bei au unanunua?

Ijumaa usiku nimelipa dipoziti, dola 500, hairudi hata ulie, kwa hiyo sasa naweza kusimulia bila kuogopa kujitia nuksi. Naenda kusoma LLM (masters ya sheria) Marekani mwaka mmoja, chuo cha huko katikati kwenye mashamba ya mahindi na baridi, na zaidi ya robo tatu ya ada wamenipunguzia. Na siyo kwamba mi ni kipanga sana. Ofa yao ya kwanza ilikuwa chini ya hapo, iliyoongezeka niliiomba. Kwanza niliomba vibaya, afu nikaomba vizuri.

Niliaplai vyuo vitatu. Kimoja New York, kimoja Washington, na hiki cha katikati ambacho kiukweli nilikiweka tu kwa sababu nilipowaomba waniondolee ada ya kuaplai wakakubali siku hiyohiyo (hilo nalo ombeni jamani, ni imeili ya mistari mitatu, mi wale wawili niliwalipa kimyakimya kama tajiri). Majibu ya New York yaliingia mwishoni mwa mwezi wa pili nikiwa kwenye mwendokasi natoka Gerezani kwenda Kimara, nimesimama, kuna baba kanikanyaga na wala sikusikia maumivu, nacheka peke yangu mpaka dada wa pembeni akasogeza mkoba wake. Nimekubaliwa New York! Usiku nimekaa kitandani ndo nafungua ile karatasi ya gharama. Ada peke yake dola 80,000 na ushee. Ukizidisha kwa 2,500 ya kujipunguzia presha unapata milioni 200, na hapo hujala, hujalala, hujanunua hata koti. Msaada wao kwangu kwenye hiyo ada ulikuwa neno hongera.

Mi ni wakili mdogo tu, ofisi yetu iko mjini ghorofa ya nne na lifti ni mbovu tangu nianze kazi, na kwenye mshahara wangu wa msingi Bodi ya Mikopo wanakata 15% kila mwezi kwa ajili ya LLB yangu, digrii ya kwanza ya sheria, ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Silalamiki, nilikopa. Nawapa tu picha ya mtu aliyekuwa anasoma ile karatasi ya milioni 200.

Wiki iliyofuata Washington wakajibu, ada 74,000 na skolashipu 20,000. Afu hawa wa katikati, ada 62,000, skolashipu 38,000. Kumbe wale niliowaweka kama kiraka ndo walinipenda.

Kabla sijaendelea niseme kitu kimoja maana nimeshaona watu wanachanganya. Ushauri mwingi wa kubishania skolashipu za sheria unaouona mtandaoni ni wa JD. JD ndo digrii yao ya kuwa wanasheria, miaka 3, na huko hela ipo kweli, kwa sababu alama za LSAT (mtihani wao wa kuingilia chuo cha sheria) na GPA (wastani wa alama za digrii ya kwanza) za hao wanafunzi zinaingia kwenye kupanga viwango vya vyuo, kwa hiyo mtu mwenye LSAT kubwa anagombaniwa kama straika wa Simba na Yanga dirisha la usajili likiwa linafungwa. Isipokuwa Harvard, Yale na Stanford, hao kwa JD wanaangalia uhitaji wako, siyo ufaulu. Sisi wa LLM hatumpandishi mtu kiwango, vyuo vingi vinatuangalia kama watu wa kuleta hela siyo wa kupewa. Ndo maana ofa zetu ni chache na mara nyingi ndogo. Ila na sisi mlango upo, mwembamba. Chevening ya Uingereza na Fulbright ya Marekani ni habari nyingine kabisa, zile ni hela za serikali za watu, vigezo vimeandikwa, huwezi kumwambia balozi niongezee kidogo.

Sasa hapa usomi ndo ulinichelewesha. Kila aliyesoma sheria ya mikataba anaijua Hyde v Wrench ya 1840. Mzee anauza shamba kwa pauni 1,000, mnunuzi anasema nakupa 950, mzee anakataa, mnunuzi anarudi anasema haya basi nachukua kwa 1,000, mahakama ikamwambia umechelewa baba, ile ofa uliiua mwenyewe ulipotaja 950. Mi nikajiona ndo Hyde, yule mnunuzi. Nikawaza nikiwaambia hawa watu 38,000 haitoshi, si ndo nimeiua 38,000 yenyewe? Nikakaa wiki nzima na hiyo hofu, nafungua imeili nafunga. Nikamwambia kaka mmoja senior pale ofisini akacheka mpaka akaweka chai chini. Akasema, "Na Stevenson v McLean ilipofundishwa we ulikuwa umelala?" Hiyo ni ya 1880, mambo ya kuuziana chuma, mnunuzi aliuliza tu kama anaweza kupelekewa mzigo kidogokidogo kwa miezi miwili, muuzaji akajifanya ofa imekufa akauzia wengine, mahakama ikasema hapana, yule aliuliza, hakukataa. Kuuliza hakuui ofa. Kwa hiyo mambo yote yako kwenye kuandika. Ukiandika "mkinipa kiasi fulani nakuja, vinginevyo siji" umejiweka pabaya mwenyewe. Ukiandika "nashukuru kwa ofa, naomba mnifikirie upya", 38,000 yako imekaa palepale. Na hata bila kesi za Waingereza, chuo hakikunyang'anyi nafasi kwa sababu umeuliza kwa adabu.

Basi nikapata ujasiri, tena nikapitiliza. Usiku huohuo nikaandika barua moja ndefu, ukurasa mmoja na nusu, kilio cha msibani. Baba alivyofariki, mama alivyotusomesha kwa vitenge, jinsi nilivyokuwa nasomea taa ya chemli, (sikusomea chemli kivile, mara mojamoja umeme ukikatika), na mwisho nikaandika kwamba chochote mtakachonipa nitashukuru. Nikatuma kwa vyuo vyote vitatu barua ileile, nabadilisha jina la chuo tu. Asubuhi niko kwenye foleni ya chai nikaisoma tena kwenye simu nikaona ile ya Washington imeandikwa "ndoto yangu ni kusoma New York". Nilitamani ardhi ipasuke.

New York wakajibu ndani ya robo saa, bajeti imeshagawanywa yote, tunakutakia kila la heri. Washington kimya, na nilijua kwa nini. Wa katikati wakajibu kistaarabu kwamba wamepokea, na kama nina maelezo zaidi niwatumie. Maelezo zaidi? Nimeandika ukurasa mmoja na nusu!

Jumamosi yake nikaenda dukani kwa mama. Mama ana fremu ya vitenge na khanga Mtaa wa Kongo, Kariakoo, zaidi ya miaka 20 sasa, na mi nimekulia chini ya ile meza. Nilikuwa najiona naijua biashara ya kupunguziana bei kuliko Mmarekani yeyote. Kilichonipita ni kwamba mi siku zote nimejifunza upande wa mnunuzi. Unajua tena sheria za Kariakoo: usionyeshe umependa kitu, kunja uso, kiponde kidogo, taja nusu ya bei, akikataa ondoka taratibu huku masikio yako nyuma usikilize kama utaitwa.

Nikamsimulia mama. Akawa anakunja mzigo, hasemi kitu. Akaingia dada mmoja akashika kitenge, "Mama, hiki mwisho bei gani?" Mama akamwambia elfu 25. Dada akakigeuza, akakirudisha, akashika kingine, "Na hiki?" Elfu 25 hivohivo. Akauliza kama pisi nne. Mama hakupunguza hata mia, wala hakunyanyua macho vizuri. Yule akatoka, hakuitwa. Baadaye akaja mama mmoja mtu mzima amevaa baibui, kakilenga kitenge kimoja tu, akasema, "Hiki ndo nilikiona juzi nikakiota mpaka usiku, nina 20 hapa mkononi na gari ya Mbagala inaniacha." Mama akamfungia. Kwa 20! Nikamuuliza, mbona huyu umempunguzia na kaonyesha wazi kabisa kwamba amekipenda?

Akanijibu, "Mwanangu, yule wa kwanza alikuwa anauliza bei. Huyu ananunua." Akasema yeye asubuhi akifungua duka hashindani na mteja, anashindana na jua. Mzigo usipotoka leo umelala. Kwa hiyo anayemwambia lazima naondoka na hiki, imebaki bei tu katikati yetu, huyo anahesabu kwamba tayari ni hela. Anayezungukazunguka anakiponda kitenge chake amshushie ili iweje, akimpa elfu 20 anaenda duka la pili kusema pale wamenipa 20. "Sasa hao wazungu wako," akasema, "umewaambia unanunua?"

Nikajibu nimewaambia chochote mtakachonipa nitashukuru.

"Hiyo ni ya ombaomba. Mi sijakuuliza shukrani, nimekuuliza unanunua?"

Niliporudi nyumbani nikaanza kuona mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu. Hizi skolashipu za LLM kwa sehemu kubwa siyo hela wanayotoa mfukoni, ni hela ambayo hawakudai. Kiti kipo, mwalimu yupo, darasa litafundishwa uwepo usiwepo. Kiti kikibaki wazi mwezi wa nane hakuna anayekilipia, kama kitenge kilicholala. Kwa hiyo mtu wa ofisi ya udahili hajiulizi huyu binti ana shida kiasi gani, anajiuliza nikimwekea hii elfu 10 hapa atakuja kweli au ataipeleka kwa jirani kunadi. Barua yangu ya kilio haikujibu hilo swali hata kidogo.

Nikaandika upya, mara hii barua mbili tofauti na majina nimeyahakiki mara tatu.

Ya Washington ilikuwa fupi. Nikaomba radhi kwa ile ya kwanza bila maneno mengi, nikasema chuo fulani kimenipa 38,000, nimeambatanisha barua yao, naomba kama inawezekana mnifikirie upya. Hapo niwaambie: usidanganye kiasi, kwanza dhambi, pili barua yenyewe wanaitaka, mi niliambatanisha na bado wakauliza kama ina masharti. Nikaongeza na aya moja ya GPA. Yangu ni 4.1 na Mmarekani akiiona anadhani umekosea kuandika maana kwao mwisho ni 4, sasa ikabidi nieleze kwamba Mlimani tunahesabu mpaka 5, kwamba first class inaanzia 4.4 na wanaoipata ni wachache, kwamba 4.1 ni upper second ya juu. Nikagusia na Law School ya pale Sam Nujoma, tunapopita baada ya digrii ili tuwe mawakili, kwamba kuna matokeo ya mwaka 2022 ambapo kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu, ili waelewe ukiona transkripti ya kule ina alama za kawaida usidhani mtu alikuwa analala. Mi mwenyewe nilipita miaka ya baadaye lakini jasho ni lilelile. Siku nne, wakajibu. 34,000. Kutoka 20,000.

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Afu nikapiga hesabu nikanyamaza. Ada iliyobaki 40,000, kuishi Washington kwa makadirio yao 32,000, jumla 72,000. Wa katikati hata kabla sijawaomba kitu: ada iliyobaki 24,000, kuishi 22,000 na bima humo. 46,000. Yaani nimepambana nimepandishiwa 14,000 na bado ni ghali kuliko wale ambao sijawagusa. Ndo hapo nikaona hatari ya hii michezo, unashinda kwenye kupunguziwa mpaka unasahau bei.

Na nikagundua ile barua ya Washington hainisaidii kitu kule katikati. Watu wote wanakuambia tumia ofa moja kupandisha nyingine, sasa mi ofa yao tayari ilikuwa kubwa, ningewaonyesha nini? Nilichokuwa nacho ni kimoja tu, kusema nanunua. Na hilo neno mama alinionya linatumika mara moja. Ukimwambia muuzaji funga mzigo nanunua, akafunga, ukaondoka, kesho hata salamu yako haitiki. Kwa hiyo nikakaa siku mbili najihoji kama kweli niko tayari kuacha New York ya kichwani mwangu na Washington ya kwenye magazeti niende kwenye mji ambao shangazi yangu hajawahi kuusikia. Nikafika ndiyo. Ilichukua muda kuliko barua yenyewe.

Hawa sikuwaandikia tu, niliomba tuongee. Kwao saa tatu asubuhi ni saa kumi jioni huku, nikatoroka ofisini nikajifungia kwenye chumba cha mafaili. Akanipokea mama mmoja mtaratibu, sauti kama mwalimu wa awali. Nikamwambia moja kwa moja, chuo chenu ndo nakitaka, nina sababu hizi na hizi (nilitaja masomo mawili na kliniki yao moja ya msaada wa sheria kwa majina, nilikuwa nimeyakariri), nikipata njia ya kuziba pengo nalipa dipoziti wiki hiihii na naviandikia vyuo vingine kuwaaga. Akaniuliza swali moja ambalo barua yangu ya kurasa nzima haikuwahi kulijibu: "Pengo lako ni kiasi gani?"

Bahati nilikuwa nimelipiga hesabu na mama. Hela yangu ya akiba, hela ya kiwanja cha Chanika ambacho tumekubaliana kiuzwe, mjomba wa Muscat aliyekubali kusimama kama mdhamini, ukijumlisha vyote inapungua 12,000. Nikataja 12,000. Sikutaja 20 ili aje kwenye 12, ingawa mkono wa Kariakoo ulikuwa unaniwasha. Nikamwambia stetimenti za benki ninazo naweza kutuma. Akasema hawezi kuahidi, bajeti ni ndogo, ataipeleka kwenye kamati. Nikaomba na jambo la pili, dedilaini ya dipoziti inaisha baada ya siku tano, naweza kuongezewa wiki mbili? Hilo akalikubali palepale kwenye simu. Kuongezewa muda hakuwagharimu kitu, na watu hawaombi.

Siku tisa. Sitaki kuzielezea. Siku ya kumi ikaja imeili, wameongeza 10,000, jumla 48,000. Ile 2,000 iliyobaki mama kasema kikoba chake kinavunjwa mwezi wa sita.

Kitu kingine ambacho sikukijua mwanzoni, kila dola waliyopunguza inakusaidia tena kwenye viza. Chuo hakikupi I-20, ile fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka uonyeshe hela ya mwaka wa kwanza, ada iliyobaki na ya kuishi, na ukifika ubalozini pale Msasani karatasi ndo hiyohiyo wanaiangalia. Mi sasa natakiwa kuonyesha 36,000, siyo 46,000. Kwa stetimenti za familia yetu hiyo 10,000 ndo ilikuwa tofauti ya kuonekana mkweli na kuonekana msanii. Juu yake kuna ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje) dola 350 na viza 185, hizo hazipungui, usijaribu.

Na niliomba kwa maandishi wanithibitishie kwamba skolashipu haina sharti la GPA. Hili nimejifunza kwa rafiki yangu aliyeenda JD, alipewa hela nzuri kwa sharti abaki juu ya wastani fulani, na kule alama zinagawanywa kwa mkunjo, lazima wengine wawe chini hata kama wote mna akili, muhula wa pili akashuka kidogo tu ikapotea. Chama chao cha mawakili, ABA, kinavilazimisha vyuo kutangaza kila mwaka ni wanafunzi wangapi wa JD walipunguziwa au kunyang'anywa skolashipu za namna hiyo, iko kwenye ripoti inaitwa 509, kila chuo kinaiweka kwenye tovuti yake. Yeye aliiona baada ya kusaini. Mi LLM hainihusu moja kwa moja ila niliuliza hivohivo, wakajibu hakuna sharti, nimeprinti nimeweka kwenye faili.

Jumamosi iliyopita nikawaandikia Washington na New York kuwaaga. Washington nilijisikia vibaya kidogo, walijitahidi. Nikaenda dukani kumwambia mama kwamba nimeshawaandikia wote nimewashukuru na nimewaambia nimechagua kwingine. Akaacha kukunja khanga.

"Umewaaga?"

Nikasema ndiyo mama, ndo utaratibu.

"Miaka yote hii hapa," akasema, "hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kuniambia dada kile kitenge nimenunua duka la pili." Akafikiria. "Wangekuwa wananiambia ningekuwa nalala mapema."

Miadi ya viza ni tarehe 11.